Feni au hewa tulivu? Kuchagua mzunguko wa hewa kwa kiatamizi cha mayai ya kobe Dodoma

"Mbukwa, fundi. Hii ya kobe utaiwekea feni kama zile za kuku, au unaiacha hivi hivi?"

Mama mmoja anayelea kobe kwenye bustani ya wanyamapori huku kwetu aliniuliza hivyo amesimama mlangoni pa karakana yangu Ipagala, ameshika boksi jeupe la kusafirishia samaki alilolipata soko la Majengo. Mimi nilikuwa na miaka kadhaa ya kutengeneza mashine za vifaranga, kwa hiyo nilimjibu bila kufikiri: "Feni ni lazima, mama. Bila feni yai halipumui."

Mashine ile ya kwanza niliijenga kama ya kuku. Balbu mbili, feni ya kompyuta ya volti 12 inayopuliza moja kwa moja juu ya trei, sahani ya maji chini, matundu ya hewa kila upande. Ilikuwa Julai. Upepo wa Dodoma wa mwezi huo kila mtu anaujua: midomo inapasuka, na jinzi uliyoianika asubuhi unaianua kambani kabla ya saa sita. Siku ya tano mchanga uliozunguka mayai ulikuwa umekauka hadi unachuruzika vidoleni. Tukaongeza maji, ukakauka tena. Baada ya miezi miwili tulimulika mayai gizani kwa tochi ya simu. Ndani ya kila yai kulikuwa na nafasi kubwa ya hewa, na mishipa ya damu haikuonekana. Mama yule hakunilaumu, lakini jambo lile nililibeba, na ndipo nikaanza kupima badala ya kukisia. Hapa naweka pamoja njia tatu nilizozijenga na kuzipima, ili anayetaka kujenga sasa achague akijua anachochagua.

Kwanza kibali, maana bila hicho mengine yote hayana nafasi. Kobe, kenge, vinyonga na chatu ni wanyamapori. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kuwaokota na kuwafuga nyumbani bila kibali, na wa kuwaona ni Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA. Ukiyafukua mayai ya kobe kwa bahati mbaya ukilima Chamwino au Bahi, yafukie palepale bila kuyageuza. Nawaandikia wenye bustani, mashamba ya wanyamapori na vituo vyenye vibali, pamoja na mafundi wenzangu wanaotengenezea vituo hivyo vifaa. Kwa kobe wa miambani, yule bapa anayejibana kwenye nyufa za mawe ya mikoa yetu ya kati, nasisitiza zaidi. Tangu 2019 yuko kwenye Kiambatisho cha Kwanza, kile chenye ulinzi mkali zaidi, cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na kwa kawaida jike hutaga yai moja tu kwa mara moja. Fundi anayekosea kwenye mashine ya kuku anapoteza mayai mawili matatu katika trei. Kwa kobe huyu akikosea, hakuna lililobaki.

Kuku anatupotosha wapi

Mafundi wengi tunaanzia kwa kuku, na mazoea ya kuku ndiyo yanayoharibu. Yai la kuku linataka nyuzi joto 37.5 za sentigredi penye feni, linageuzwa mara kadhaa kwa siku, na siku ya 21 kifaranga kiko nje. Yai la kobe linataka nyuzi 28 hadi 31. Halitakiwi kugeuzwa kabisa: saa chache baada ya kutagwa kiinitete hupanda juu na kujishikiza upande wa ndani wa ganda, na ukiligeuza baada ya hapo unaweza kukiua. Ndiyo maana tunaweka alama ya penseli juu ya kila yai kabla ya kuliinua, na alama ibaki juu mpaka mwisho. Na muda wake ni mrefu. Yule kobe mkubwa wa mabaka meusi na ya njano anayeonekana porini huku kwetu, mayai yake huweza kukaa miezi minne, na huweza pia kupita mwaka.

Tofauti hiyo ya muda inabadilisha mahesabu yote ya feni. Kosa dogo la unyevu ambalo kuku analivumilia kwa wiki tatu, kwa kobe linajirudia kila siku kwa miezi sita. Feni inayoweza kufanya kazi siku 21 bila kukwama inatakiwa sasa ifanye kazi siku 200.

Ganda nalo ni jambo. Mayai ya kobe na mamba yana ganda gumu, hivyo hupoteza maji polepole. Mayai ya nyoka na mijusi wengi yana ganda laini kama ngozi. Yanafyonza maji kutoka kwenye udongo na kuongezeka uzito kadiri yanavyokua. Hayo laini yakipigwa na hewa kavu siku moja tu, yanabonyea ukiyaangalia.

Mama kobe mwenyewe anafanyaje? Anachimba shimo kwa miguu ya nyuma, analainisha udongo mgumu kwa mkojo wake, anataga, anafukia, kisha anashindilia kwa tumbo la gamba lake. Kenge wa majini hutafuta kichuguu kilicholainishwa na mvua, anachimba na kutaga ndani, na mchwa wenyewe wanaziba tundu. Ukisimama barabara ya Kondoa ukahesabu vichuguu, fikiria jinsi ndani yake kulivyo: joto halibadiliki sana, unyevu uko juu, na hakuna hewa inayovuma. Pumzi inapita polepole kwenye vinyweleo vya udongo, na inatosha.

Feni inaleta nini, inaondoa nini

Niliamini feni ni kwa ajili ya pumzi. Nikakaa nikapiga hesabu. Yai la kuku likikaribia kuanguliwa hutumia takriban nusu lita ya oksijeni kwa siku, au zaidi kidogo. Mayai 60 ni lita 30 na zaidi kila siku. Boksi la lita 60 lina lita 12 na nusu tu za oksijeni, kwa hiyo mashine ya kuku isiyopitisha hewa kweli itawaua. Lakini mayai sita ya kobe, yanayokua polepole kwenye nyuzi 30, hayafiki popote karibu na hapo. Nyufa za mfuniko na kufungua mara moja kwa wiki kunabadilisha hewa ya boksi kubwa vya kutosha. Pa kuangalia ni kopo dogo lenye mayai: likiwa limefungwa kabisa, hewa ya ndani ni kidogo mno, hasa wiki za mwisho. Toboa matundu matatu au manne kwa sindano ya moto kwenye mfuniko, na mayai yakikaribia kuanguliwa fungua kopo kila baada ya siku mbili, funika tena. Basi.

Feni inaleta usawa wa joto, na hapo nakiri haina mpinzani. Hewa ya moto inapanda. Kwenye kabati refu lisilo na feni nimepima tofauti ya nyuzi tatu kati ya rafu ya juu na ya chini, na feni ndogo iliipunguza hadi chini ya nyuzi moja ndani ya nusu saa. Nyuzi tatu kwa kobe ni jambo kubwa kuliko kwa kuku, kwa sababu kwa kobe wengi joto ndilo linaloamua jinsia. Mayai yakikaa karibu nyuzi 28 au 29 hutoka madume. Yakipanda 31 na zaidi hutoka majike. (Mamba na baadhi ya mijusi wana mpangilio wao, usiwachanganye.) Kituo kinachotaka kurudisha kobe porini kikiwa na rafu mbili zenye joto tofauti bila kujua, kinaamua idadi ya majike na madume bila kukusudia.

Inachoondoa feni ni maji. Hapa ndipo Dodoma inapokuwa tofauti na Tanga au Dar es Salaam, na ndipo maelekezo ya watu wa pwani yanapotuangusha. Chukua alfajiri ya Julai hapa mjini, nyuzi 14. Tuseme hewa hiyo ina unyevu wa asilimia 70, ambao unaonekana mzuri. Ikiingia kwenye kiatamizi na kupashwa hadi nyuzi 30 bila kuongezwa maji, unyevu wake unashuka hadi kama asilimia 26. Kila tundu unalotoboa kwenye boksi linaingiza hewa ya namna hiyo, na kila mzunguko wa feni unaisukuma juu ya mchanga wako. Niliweka mabakuli mawili ya mchanga wenye maji sawa kwenye kabati moja, moja wazi mbele ya feni, jingine na mfuniko wa matundu manne. La kwanza lilikauka kwa siku chache. La pili nililipima kwa mizani ya jikoni wiki nzima na lilipungua gramu za kuhesabika. Tangu siku ile sijaweka tena yai la kobe kwenye trei iliyo wazi.

Njia ya kwanza: boksi fupi, hewa tulivu

Hii ndiyo rahisi kuliko zote. Boksi jeupe la samaki au kulboksi ya zamani, chanzo cha joto, thamostati (kifaa kinachowasha na kuzima joto chenyewe), kipimajoto, na kopo la mayai. Feni hakuna.

Wengi wanaiogopa kwa sababu ya ile tofauti ya joto kati ya juu na chini. Lakini tofauti hiyo ni ya kwenda juu. Ukiwa na kopo moja, mayai yote yako kimo kimoja, basi yote yanaona joto lilelile. Kinachotakiwa ni kihisio cha thamostati kikae kimo cha mayai, pembeni ya kopo, na kipimajoto cha pili kiwe ndani ya kopo lenyewe. Kule juu kwenye mfuniko kukiwa na nyuzi 33, hakuna yai linaloishi pale.

Udhaifu wake uko kwenye chanzo cha joto. Balbu inaunguza upande mmoja na kuacha mwingine baridi, na bila feni hakuna wa kusawazisha. Isitoshe balbu za zamani za nyuzi zinaungua baada ya muda, na hizi za LED hazitoi joto la kutosha. Kama huna kingine, tumia balbu mbili ndogo pembe mbili zinazotazamana, zizibwe kwa kipande cha bati ili zisimulike mayai. Bora zaidi ni waya wa joto uliozungushwa ukutani mwa boksi pande zote nne. Joto linatoka kila upande kidogo kidogo, na hewa inajizungusha yenyewe taratibu: inapanda kandokando, inashuka katikati.

Kwa mayai machache, kuanzia moja hadi yale yanayotosha kwenye kopo moja au mawili yaliyopangwa sambamba, njia hii inatosha. Nawaambia hivyo hata wateja waliokuja na fedha ya kununua kubwa zaidi.

Njia ya pili: boksi la maji

Mama wa bustani sasa anatumia hii, na nikipewa mayai ya kobe wa miambani leo ningeichagua bila kusita.

Unachukua kulboksi, unaweka matofali mawili chini, unajaza maji mpaka karibu na uso wa matofali, na ndani ya maji unalaza hita ya tangi la samaki. Kopo la mayai linakaa juu ya matofali, halishiki maji. Hita inapasha maji, maji yanapasha hewa. Weka maji juu kidogo ya joto unalolitaka, kisha rekebisha ukiangalia kipimajoto kilicho ndani ya kopo, kwa siku mbili tatu kabla ya kuweka yai lolote. Hita hizi nyingi zinaishia nyuzi 34 hivi, ndiyo maana mtu wa kuku hawezi kuzitumia. Kwa kobe zinafaa kabisa.

Feni haina kazi humu. Uso mzima wa maji ni chanzo cha joto, kwa hiyo hakuna kona ya moto wala kona ya baridi. Unyevu unakaa juu wenyewe, na hewa kavu ya nje haipati nguvu. Lakini sababu kubwa ya kuipenda ni umeme ukikatika. Maji yanashika joto kuliko hewa, na hesabu yake ni hii: lita 10 za maji zikipoa nyuzi mbili zinatoa joto la kutosha kufidia boksi linalopoteza wati 10 kwa zaidi ya saa mbili. Boksi la hewa tupu lenye balbu linaanza kupoa pale pale. Kwa miezi sita ya kuatamia, utakatikiwa umeme, hilo si la kujiuliza.

Ina matatizo mawili. Moja ni matone: mvuke unageuka maji kwenye mfuniko na kudondokea mayai. Inamisha mfuniko kwa kuweka kijiti upande mmoja, au laza kioo kwa mshazari juu ya kopo, matone yatiririke pembeni. Mayai ya ganda gumu yakikaa kwenye maji yanayodondoka kila siku yanaweza kupasuka au kuoza. La pili ni hatari zaidi: hita ikibaki nje ya maji kioo chake kinapasuka. Maji hupungua polepole, na mtu aliyezoea kuona kila kitu kiko sawa anasahau kuangalia. Chora mstari wa kalamu ya wino ukutani mwa kulboksi, na maji yasishuke chini ya mstari huo. Chomoa hita kwanza ndipo uongeze maji, tena ya uvuguvugu. Umeme wa nyumbani na maji viko pamoja humu, kwa hiyo soketi yake iwe na swichi ya kujikata na isiwe sakafuni.

Njia ya tatu: kabati lenye feni

Ukipita kopo mbili tatu, boksi la maji linakuwa dogo. Kituo chenye majike kadhaa ya kobe wa mabaka kinaweza kupata mayai mengi kwa mkupuo. Jike mmoja anaweza kutaga matano, anaweza kutaga thelathini. Hapo unahitaji rafu, na ukiwa na rafu mbili au zaidi, feni inarudi. Hii ndiyo kanuni ninayoitumia dukani: rafu moja, acha feni, rafu mbili, weka feni.

Ganda zuri la kabati ni friji bovu. Kuta zake zina sponji nene la kuzuia joto, mlango una mpira unaoziba, rafu ziko tayari. Muombe fundi friji atoe kompresa na gesi kwanza, usikate bomba mwenyewe. Weka waya wa joto chini na ukutani nyuma, thamostati ya aina ya STC-1000 iliyowekewa tofauti ya nyuzi 0.3 au 0.5, na feni.

Feni gani, ikae wapi, iende kasi gani: hapa nimebadilisha mawazo mara nyingi.

Kwanza nilitumia feni za kompyuta za milimita 80 kwa volti 12 kamili. Zinasawazisha joto vizuri, lakini upepo wake ni mkali kuliko unavyohitajika. Nikazilisha volti 5 kutoka chaja ya simu, zikashuka hadi nusu ya kasi au pungufu, na usawa wa joto haukuharibika. Kwenye kabati la kimo cha friji ndogo, hewa ikisogea kiasi cha kutikisa uzi uliouning'iniza, imetosha. Angalia jambo moja: baadhi ya feni za volti 12 hazianzi zenyewe kwa volti 5. Ukiisukuma kwa kidole inazunguka, umeme ukikatika na kurudi inabaki imesimama. Ijaribu kwa kuizima na kuiwasha mara kumi kabla ya kuifunga. Ukipata feni ya milimita 120 ni bora kuliko ya 80, maana inasogeza hewa ileile ikizunguka taratibu na inachakaa polepole. Chagua yenye beringi za gololi kama fundi wa kompyuta anayo. Vumbi la Dodoma linazimaliza haraka zile za kawaida.

Mahali pake, mimi naifunga sakafuni karibu na ukuta wa nyuma, ikisukuma hewa kwenda juu kando ya waya wa joto. Hewa inapanda nyuma, inagonga dari, inashuka mbele ya rafu. Hakuna kopo lililo kwenye njia ya upepo. Rafu ziache nafasi ya vidole vinne nyuma na mbele, vinginevyo makopo yanaziba njia na rafu ya juu inabaki na joto lake.

Halafu makopo. Kwenye kabati lenye feni mayai yakae ndani ya makopo yenye mifuniko, bila mjadala. Feni inasawazisha joto nje ya kopo, joto linapenya plastiki, na unyevu unabaki ndani ambako upepo haufiki. Ndani ya kopo weka vamikulaiti (chembe nyepesi za madini zinazoshika maji) iliyochanganywa na maji kwa uzito sawa, gramu 200 kwa gramu 200; wauzaji wa vifaa vya vitalu vya mboga wanayo. Ukiikosa, mchanga wa mto uliooshwa na kukaushwa unafaa, ila maji yake yawe kidogo sana: ukiubana kiganjani ushikane bila kutoa tone. Pima kopo zima kwa mizani siku ya kwanza, andika uzito juu ya mfuniko. Kila wiki pima tena. Likipungua gramu 12, ongeza mililita 12 za maji ya uvuguvugu pembeni, mbali na mayai. Kwa mizani utajua kopo lipi linapitisha hewa kupita kiasi, jambo ambalo kipimaunyevu cha bei rahisi hakitakuonyesha.

Hatari ya njia hii iko kwenye feni yenyewe. Boksi la hewa tulivu halina kinachozunguka, kwa hiyo hakuna kinachokwama. Kabati ulilolipima na feni ikizunguka, siku feni inapokufa usiku, kihisio cha thamostati kinabaki kwenye kona yenye baridi, waya wa joto unaendelea kuwaka, na rafu ya juu inapanda. Nimeona rafu ikifika nyuzi 36 asubuhi moja. Kwa bahati makopo yalikuwa na mchanga mtupu wa majaribio. Weka thamostati ya pili karibu na dari, iliyopangwa kukata umeme wote wa joto ikifika nyuzi 32.5. Bei yake haifiki thamani ya yai moja la kobe bapa.

Kuna wanaounganisha feni na joto kwenye waya mmoja, vizunguke pamoja na vizime pamoja. Wengine wanaiacha feni izunguke muda wote. Nimejaribu zote. Ya kuzima pamoja inakausha kidogo na feni inadumu, lakini katikati ya mizunguko joto linaanza kujipanga tena juu na chini, na kuwaka na kuzima kila dakika chache kunaichosha injini yake. Mimi naacha izunguke polepole muda wote. Ila umeme ukikatika, feni nayo isimame. Usiiwekee betri peke yake kwa huruma: bila joto, feni inayozunguka inasukuma hewa ukutani na kwenye nyufa, kabati linapoa haraka zaidi. Kama una sola na betri, iunge na waya mdogo wa joto pamoja na feni, au acha vyote vizime na ufunike kabati kwa blanketi. Nafuu nyingine ni kupanga chupa za maji za lita moja na nusu sakafuni mwa kabati. Chupa nane zinakupa zile lita zinazoshika joto, bila mvuke wala matone.

Mchana wa Oktoba

Njia zote tatu zina upungufu mmoja: zinapasha, hazipoozi. Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, chumba chenye bati tupu bila dari kinaweza kupita nyuzi 34 mchana. Thamostati itakuwa imezima zamani, na feni itakuwa inazungusha hewa ya moto tu. Wateja wananiambia "ongeza feni nyingine." Haisaidii, feni inampoza mtu kwa sababu anatoka jasho, yai halina jasho.

Chagua chumba kwanza, kisha mashine. Chumba chenye dari, upande wa mashariki au katikati ya nyumba, na kiatamizi kikae sakafuni. Acha kipimajoto chenye kumbukumbu ya juu na chini humo kwa wiki moja, Oktoba ikiwezekana. Kikipita nyuzi 31 kila siku, hama chumba. Kuta za friji bovu na maji ya kulboksi zinasaidia hapa pia, kwa sababu joto la saa nane mchana linachukua muda mrefu kupenya, na jua likizama ndani bado hakujafika pabaya. Boksi jepesi la samaki lenye hewa tupu ndilo la kwanza kuzidiwa. Kwa sababu hiyo moja, mtu wa Dodoma anayetaka kuatamia kupitia msimu wa joto, simshauri achukue njia ya kwanza isipokuwa chumba chake ni cha uhakika.

Nani achukue ipi

Una mayai machache na chumba chenye dari, na umeme wenu haukatiki sana: boksi fupi la hewa tulivu lenye waya wa joto, anza nalo.

Una mayai machache ya thamani kubwa, au unaishi pembeni ya mji, Hombolo, Msalato, Mvumi, ambako umeme ukikatika usiku hujui utarudi lini: boksi la maji. Kwa mijusi na nyoka wenye mayai laini, nakushauri hilohilo, kwa sababu kosa la ukavu halirudishwi nyuma.

Una mayai ya kujaza rafu, mtu wa kupima makopo kila wiki, na fedha ya thamostati ya pili: kabati lenye feni ya polepole na makopo yaliyofunikwa. Ukikosa kimojawapo kati ya hivyo vitatu, gawanya mayai kwenye maboksi mawili ya maji. Nimewarudisha wateja wawili kwa ushauri huo, na sijuti.

Mama wa bustani ana kulboksi yake ya maji kwenye stoo yenye dari, matofali mawili, kioo cha mshazari, mstari wa kalamu ya wino ukutani. Kwenye mfuniko wa kopo kuna safu ya namba kwa mwandiko wake, uzito wa kila Jumamosi. Nilipopita mara ya mwisho alizima taa, akamulika yai la tatu kwa simu, akaniita nisogee: mishipa ilikuwa imesambaa kuanzia kwenye alama ya penseli hadi katikati ya ganda.

"Hili lipo," akasema, akalifunika.